Barua kwa mwanangu: Prof na kitanda namba 9

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumanne usiku niliisoma nikaweka simu kando, nikaenda jikoni nikaanza kuosha sufuria ambazo zilikua zimeoshwa tayari, alafu nikarudi nikaisoma tena. Umeandika hivi: "Mama, chuo wamenipa nafasi nibaki hapa Eldoret nifundishe udaktari, na barua ya kazi ya Uingereza nayo imefika. Nibaki ama niende?" Basi, hapo umemaliza. Na unataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Baba yako alijibu hata kabla sijamaliza kumsomea. Alisema aende, atengeneze pesa, arudi akiwa na nyumba yake, kufundisha hakukimbii. Akaongeza sauti ya taarifa ya habari. Mimi sikumjibu, lakini usiku huo sikulala vizuri, na kilichoninyima usingizi si Uingereza. Ni Prof, yule daktari wa watoto aliyekua anafundisha wodini kwetu. Nilikua namuona tu vile alikua anasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande.

Habari za Prof mmezisikia kwa hii nyumba tangu mkiwa wadogo, mpaka dada yako alikua anadhani ni mjomba wetu. Lakini nimejiuliza nikaona sijawahi kukuambia ile ya kitanda namba 9. Hakuna mtoto wangu nimemuambia. Baba yako peke yake ndo anajua, na yeye anajua kwa sababu aliniona vile nilirudi nyumbani siku hiyo.

Wacha kwanza nikuambie yeye alikua nani, kwa sababu wewe ulimuona mara moja tu, kwa mazishi ya nyanya yako, na ulikua mdogo.

Alizaliwa huku kwetu, upande wa Luanda ya Vihiga, baba yake alikua katekista. Alienda chuo cha Makerere, Uganda, mwishoni mwa miaka ya hamsini, wakati mtoto wa Kenya akitaka kua daktari hakua na njia ingine huku Afrika Mashariki, chuo cha Nairobi kilikuja kuanza udaktari 1967. Kwa hivyo unapanda treni mpaka Kampala na sanduku la mbao, unaonana na mamako mara moja kwa mwaka. Alikua anatuambia vile alisomea hospitali ya Mulago, na hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya Denis Burkitt. Unamjua wewe, saratani ya taya imeitwa kwa jina lake na hao watoto mmewaona wengi huko na sisi huku ziwani tumewaona zaidi. Burkitt alikua daktari mpasuaji, Mwairishi, jicho moja alilipoteza akiwa mvulana wa miaka 11. Mwaka wa 1957 aliitwa Mulago amuangalie mtoto amevimba taya pande zote, hakuelewa. Muda mfupi baadaye akiwa Jinja akatupa macho nje ya dirisha, akaona mtoto mwingine amekaa na mamake kwa nyasi, uso ni ule ule. Akatoka mbio. Kutoka hapo akaanza kuuliza hospitali moja moja, huyu ugonjwa mnamuona kwenu ama hamumuoni, na 1961 akachukua gari kuukuu na wenzake wawili wakaendesha maili 10,000 kushuka mpaka kusini wakiuliza tu. Wakaona unafuata joto na mvua, mahali mbu wa malaria wako. Epstein wa London alikua ameshamsikia kwa mhadhara mwaka huo huo akaomba vipande vya huo uvimbe, na 1964 yeye na wenzake wakaona kirusi ndani.

Prof akifika hapo kwa dirisha alikua ananyamaza. Anawaangalia wanafunzi. Alafu anasema, jicho moja, na aliona. Nyinyi mna mawili.

Na yeye pia alienda Uingereza, nisikufiche hiyo. Alienda kufanya mitihani yao ya umemba, ile ya madaktari bingwa, akakaa miaka, akarudi akafundisha Nairobi, profesa wa magonjwa ya watoto. Kwa hivyo hapa najikuta nabishana na mimi mwenyewe, kwa sababu kama hangeenda hangekua yule tulimjua, na mimi siwezi nikasimama hapa nikakuambia kwenda ni vibaya. Lakini alirudi. Na enzi zake kurudi ndo ilikua kawaida, walikua wanangojwa, kuna kiti na nyumba ya serikali. Wewe ukirudi utangojwa na nani? Unaona, hata hilo silijui niliweke upande gani.

Miaka ya themanini alikua analeta wanafunzi wake wa Nairobi kwa hospitali niliyokua nafanya, wanakaa wiki kadhaa. Hospitali sitaitaja, unaijua, na watu wengine wa wakati huo bado wako hai. Wodi ya watoto ilikua yangu mchana, mimi ndo nesi, sista vile walikua wanatuita. Alikua na tabia moja, kabla ya kumgusa mtoto anaiweka stetoskopu kwa kwapa lake, chini ya koti, anaongea na mama ya mtoto mpaka kile chuma kipate joto. Ndo anaitoa. Nimefanya na madaktari miaka 34 na sijaona mwingine akifanya hivyo. Mtoto alikua halii.

Sasa, 1988, mwezi wa tano, mvua. Unajua malaria ya mwezi wa tano na wa sita vile inakuaga huku, vitanda watoto wawili wawili, wengine chini. Usiku kuliletwa kijana wa miaka minne, kutoka ziwani, amepoteza fahamu. Malaria imepanda kichwani. Intani wa usiku, daktari mchanga aliye kwa mafunzo, alimuanzishia kwinini kwa dripu, ile dozi kubwa ya kwanza, alafu inafuata ya kila saa nane. Yote sawa. Nilipoingia asubuhi nikapitia vitanda, nikafika namba 9, nikamshika mkono. Ulikua umelowa. Si jasho la homa, hilo ni moto na wewe unalijua. Hili lilikua baridi, shati imeshikana na mgongo, na nywele hapa kwa paji la uso zimelala kama za mtoto ametoka kuogeshwa. Mamake akaniambia kwa Kijaluo kwamba hajatia kitu kinywani tangu juzi. Nikaangalia chupa ya dripu. Ilikua maji ya chumvi. Glukosi iliisha usiku, wakaning'iniza ile iliyokuwepo.

Mimi nilijua. Ama niseme nilishuku. Hapana, wacha niseme ukweli kwako, nilijua. Kwinini inaamsha kongosho itoe insulini, na vijidudu vya malaria navyo vinakula sukari, na mtoto hajala siku mbili, hata mtu ambaye hajasoma anaweza kujumlisha hiyo. Vile vikaratasi vya kupima sukari vilikua vichache sana, vinafungiwa kwa droo ya matroni, mkubwa wa manesi, unaomba kwa sababu. Nikasema nitaomba raundi ikifika, nimuambie Prof.

Raundi ikafika na wanafunzi kumi na kitu. Na Prof siku hiyo alikua na moto wa kufundisha. Akasimama namba 9 akaanza, hii ndo malaria ya ubongo, angalieni macho, angalieni shingo, nani ataniambia koma inapimwa aje. Nikasema, "Prof, huyu mtoto..." Akainua mkono, hakunifokea, hata hakukasirika, akasema, "Sista, ngoja kidogo."

Nikangoja.

Nilingoja nusu saa na faili mkononi. Nilikua upande wa dirisha, nikiona yale maji kwa paji la uso. Ningeweza kusema tena, unaelewa? Ningeweza kuenda kwa matroni mwenyewe nikaomba kikaratasi. Nilikua na miaka 31, si msichana wa mafunzo. Lakini wakati huo sista haingilii profesa akifundisha, ndivyo tulilelewa, na mimi nilikua sista mzuri sana. Degedege ikaanza wanafunzi wakiwa bado wanaandika. Akapewa dawa ya degedege, ikatulia, ikarudi. Wakati sukari ilipimwa ilikua saa tano na kitu, na kile kikaratasi rangi yake haikubadilika kabisa. Tukasukuma glukosi kwa mshipa. Jioni akaaga.

Baba yako alikuja kunichukua na ile baiskeli nikashindwa kukaa. Tulitembea.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hii ndo sababu naandika. Kesho yake asubuhi Prof aliwaita wanafunzi wote, hakuanza kitanda namba 1, alienda moja kwa moja namba 9. Kilikua wazi, shuka mpya imekazwa, mtoto wa kitanda hicho alikua hajaingia bado, na siku hiyo ilikua siku ambayo hatukua na nafasi, lakini alikua ameomba kiachwe wazi. Akasema, jana nilifundisha hapa nusu saa. Kila kitu nilichosema ni kweli na mnaweza kukipata kwa kitabu. Na wakati nikisema, mtoto alikua anakufa kwa sababu ya sukari, na mtu mmoja kwa hii wodi alikua ameona, na akataka kuniambia, na mimi nikamwambia angoje. Nimekosea. Alafu akanigeukia, akasema, sista, tafadhali waambie uliona nini.

Mwanangu, nilishindwa. Nikasema maneno mawili, mkono ulikua baridi. Yeye akangoja. Wote wakangoja. Nikaendelea, nikawaambia jasho, nikawaambia nywele, nikawaambia chupa. Na wale vijana wakaandika. Profesa mzima amesimama pembeni ananisikiliza kama mwanafunzi.

Nimesema hili kwa hii nyumba mara nyingi bila kuwaambia limetoka wapi, sasa ndo unajua: mwalimu wa madaktari ni yule anaweza kusema nimekosea mbele ya wanafunzi wake. Vyeti vinapatikana. Hiyo haipatikani.

Baba yako hakubaliani, tangu 1988. Yeye anasema kusema nimekosea hakukumrudisha mtoto, na kwamba ni rahisi mkubwa kukiri, nani atamfanya nini, ingekua ni sista amekosea angefutwa. Na anasema ukweli. Kuna usiku nawaza hivyo pia. Kwamba tulimsifu kwa maneno na mama ya mtoto alibeba maiti. Kwamba mimi nilipata sifa mbele ya wanafunzi kwa kitu ambacho nilikiona na nikakinyamazia, na hakuna aliyenilaumu, na hiyo ya kutolaumiwa imenisumbua kuliko lawama. Sijui. Baba yako akisema hivyo huwa simjibu, kwa sababu sina jibu.

Lakini hii hapa sasa. Ukiwa mwaka wa tatu ulikuja nyumbani likizo, tukakula hapo kwa meza, ukaanza kutuambia habari za lekchara wenu mkali wa watoto, ule ambaye mwanafunzi hawezi kumuambia mtoto ana degedege kabla hajataja sukari. Ukaigiza sauti yake, "Sukari kwanza! Mkono uushike mwenyewe, usingoje kipimo! Na umeuliza sista ameona nini?" Mkacheka na dada yako. Mimi niliinuka nikaenda nje kuanua nguo. Ulidhani nimechoka. Mwanangu, huyo lekchara wako, nilihesabu miaka, alikua mmoja wa wale kumi na kitu. Sikumbuki uso wake wakati huo, walikua wote wembamba na makoti makubwa. Lakini hayo maneno nilijua yametoka kitanda gani. Na sasa unayo wewe, na wewe ukiwa intani uliniambia umewahi kumpata mtoto hivyo saa nane ya usiku ukamuwahi. Sikukuambia kitu siku hiyo pia.

Hata dawa yenyewe imebadilika, najua, mmetoka kwa kwinini mkaenda artesunate ya sindano baada ya ule utafiti wa 2010, watoto zaidi ya 5,000 kwa nchi 9 za Afrika na vifo vikapungua kwa asilimia 22 na nusu. Na chanjo nayo ilianza kupeanwa Homa Bay 2019. Nafurahi. Lakini hao bado wanakuja hawajakula siku mbili.

Sasa usidhani nakuambia ubaki. Sijasema hivyo. Nilikua hapa ile mgomo ya madaktari ya 2016 mpaka 2017, siku 100, ukakaa hapa nyumbani unasoma vitabu vile vile, viongozi wa madaktari 7 wakatupwa jela. Na 2024 tena siku 56, intani alitaka kulipwa shilingi 206,000 kwa mwezi zile waliandikiana, serikali ikasema 70,000. Wahadhiri nao wanagoma mara kwa mara. Tuliuza ng'ombe wa baba yako na kile kipande cha shamba cha Vihiga ambacho wajomba zako bado hawajanisamehea, na mtu aliyesomeshwa na hizo pesa ana haki ya kula vizuri. Nikikuambia ubaki ufundishe watoto wa wenyewe, je, mimi ndo nitakulipia nyumba? Hapana. Kwa hivyo hapo nanyamaza.

Lakini pia, nikinyamaza, nakumbuka kwamba hapo hapo ulipo, Joe Mamlin, profesa wa Indiana, alistaafu kwao akarudi Eldoret 2000 badala ya kupumzika, akakuta wodi zimejaa watu wa ukimwi wanangoja kufa, na 2001 wakaanzisha AMPATH, mpango wa kutibu ukimwi, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Moi, wakaenda mpaka kituo cha Mosoriot huko shambani. Mzungu mzee na bibi yake. Wao walikuja. Naona kama nabishana na wewe na hata hujasema kitu.

Kuna jambo la mwisho alafu nitakuacha ulale, najua una zamu kesho.

Mwaka wa 2003 nilikua soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, naangalia mitumba ya shuka. Mama mmoja anayeuza omena akaniita, "Sista." Sikumtambua. Akasema, wewe ulikua wodi ya watoto, mimi ni mama ya yule wa kitanda cha dirishani. Magoti yaliniishia. Nilidhani atanitukana, na nilikua tayari, miaka 15 nilikua tayari. Yeye akaniuliza, yule daktari mkubwa yuko wapi siku hizi? Nikamuambia alifariki, tumemzika mwaka juzi. Akaweka ile bakuli ya kupimia chini. Akasema, aliwahi kuja kwangu. Nikasema, wapi? Kwangu, nyumbani. Alikuja wiki moja baada ya matanga, peke yake, na gari ikakwama kwa matope, vijana wakaisukuma. Alikaa chini ya mti na wazee wa boma, akawaambia mwenyewe kilichomuua mtoto, na kwamba sista aliona na yeye akamnyamazisha. Mume wangu alitaka kumpiga, wazee wakamshika. Hakuondoka. Alikaa mpaka jioni, akakula na sisi.

Hakuwahi kutuambia. Wala wodini, wala Nairobi, bibi yake pia nilimuuliza baadaye, hakujua. Na hapo Kibuye nikiwa nimeshika shuka ya mtu mkononi nikajua kwamba baba yako hakua sawa, si rahisi mkubwa kukiri, na nikajua pia kitu kingine, kwamba boma hilo lilikua mwendo wa saa moja kwa matatu, nililipita mara nyingi nikienda kwa shangazi yako, na mimi sikuwahi kushuka.

Yule mama alinipimia omena za bure. Nilikataa akakataa. Tulilia pale watu wakituangalia.

Kwa hivyo umeniuliza nibaki ama niende, na nimekuandikia haya. Ukiniuliza moyo wangu unataka nini unaujua, usinifanye niuandike. Ukiniuliza wewe ufanye nini, ongea na baba yako tena, mpigie akiwa hana taarifa ya habari, ana maneno zaidi ya yale aliyosema, nilimuona jana anaangalia picha yako ya kuhitimu. Ukiamua kwenda, nitakuja nikusindikize mpaka Nairobi na sitalia mpaka ndege iingie mawinguni.

Nimekutumia omena na unga wa wimbi kwa matatu ya saa nne, iko kwa mfuko wa buluu, jina lako liko juu na namba yako, dereva atakupigia akifika steji. Omena uanike kidogo kabla hujaweka, zilikua na unyevu.

Mamako